Daktari na Mgonjwa Asiyefika Hospitalini

Maadili ya tiba kwa kawaida huanza pale mgonjwa anapoingia mlangoni: aelezwe ugonjwa wake, asidhurike, atendewe haki. Juu ya asiyefika husemwa machache. Mkoani Kilimanjaro swali la wajibu wa daktari kwake limeletwa na mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha, ingawa tiba yake inajulikana. Lenzi iliyopata ukungu hutolewa kwa ganzi, ya bandia huwekwa, na kesho yake bendeji inapobanduliwa mgonjwa huhesabu vidole vya muuguzi.

Tiba hiyo ipo Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema, na jina hilo lina uzito wake. Katika mfano anaousimulia Luka, majeruhi hakumwendea Msamaria. Msamaria ndiye aliyemfuata pale alipolala, akamfunga majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamlipia nyumba ya wageni. Huruma yake ilibeba nauli na gharama.

Mwaka 2001 daktari bingwa wa macho Susan Lewallen, Mmarekani, na mtaalamu wa epidemiolojia Paul Courtright walianzisha mjini hapo kituo cha KCCO, kinachoshughulikia afya ya macho katika jamii. Lewallen alikuwa amekwisha kujulikana kwa kazi yake nchini Malawi kuhusu alama ambazo malaria ya ubongo huziacha ndani ya jicho la mtoto. Moshi aligeukia kazi isiyo na fahari: kuwahesabu wasiofika. Mwaka 2002 yeye na Courtright walionyesha, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwamba katika nchi zinazoendelea wanawake ndio wengi kati ya wenye mtoto wa jicho, lakini hupata upasuaji kwa nadra kuliko wanaume. Hospitali inayojivunia jumla ya waliopasuliwa inaweza isilione pengo hilo kabisa.

Utafiti uliofuata mkoani Kilimanjaro uliingia majumbani. Gharama ilikuwa kikwazo, lakini haikuwa peke yake. Mzee huona haya kuwaomba wanawe fedha, akihofia kuzusha ugomvi; nao wanawe huona macho aliyobaki nayo yanamtosha kwa umri wake. Bibi anayekijua kihamba chake kwa kupapasa, mgomba kwa mgomba, huku mjukuu akimletea chai, huhesabiwa kuwa hana shida. Mwishowe naye husema hivyo hivyo.

Je, huko kukataa ni hiari? Wapo watakaosema kumfuata bibi huyo hadi kihambani ni kumwingilia. Hoja hiyo ina nguvu, ila inachukulia kwamba mkataaji ana njia mbili mbele yake. Asiyeshika fedha, ambaye hajapata kumwona jirani aliyepona, hajachagua giza, amelizoea. Wengine hutaja mapenzi ya Mungu, lakini maandiko hayawapi nafuu. Katika Injili ya Yohana, Yesu anakataa kutafuta dhambi nyuma ya upofu, kisha anamponya kipofu. Surat Abasa nayo inakemea kumpa kisogo kipofu aliyekuja kutafuta mwongozo, kwa ajili ya kuwashughulikia wakubwa.

KCCO ilijibu kwa vitendo: kliniki za vijijini, usafiri hadi hospitali, ushauri kwa mgonjwa na familia yake, na takwimu zinazowatenganisha wanawake na wanaume. Utaratibu huo ulifundishwa pia kwa watumishi wa huduma za macho kutoka nchi nyingine za Afrika. Hii ni haki zaidi ya hisani, kwa kuwa hisani hutosheka na aliyekuja kuomba.

Baada ya hayo yote bibi akikataa, kukataa kwake kuna hadhi nyingine, maana anakijua anachokiacha. Hapo daktari hana budi kumwachia uamuzi wake, bila kulifuta jina lake katika orodha ya kliniki ijayo.