Ukingo wa Dari na Kofia Ngumu

Jumapili moja baada ya ibada nilimkuta kijana wa usharika wetu kijiweni, amekaa juu ya pikipiki akisubiri abiria. Kofia yake ngumu ilining'inia kwenye usukani. Baada ya shikamoo na marahaba nikamuuliza kwa nini haivai. Akacheka, kwa heshima. "Mzee, siku yangu ikifika imefika, hata nikivaa kofia tatu." Shingoni alikuwa na msalaba.

Nilikosa jibu, maana sisi ndio tuliomfundisha maneno hayo. Kila tunapozika tunaambizana kwamba siku za mtu zimo mikononi mwa Mungu. Yesu mwenyewe alisema nywele zetu zimehesabiwa. Kijana alisikia vizuri. Je, imani hiyo inamruhusu kuiacha kofia kwenye usukani?

Tukumbuke Yesu juu ya kinara cha hekalu. Shetani alimtaka ajitupe chini, na akamwekea Zaburi mbele yake: malaika watamdaka. Yesu hakusema Zaburi ile ni uongo. Ahadi ilikuwa ya kweli. Alichokataa ni kuigeuza kuwa leseni ya kujirusha. Kumtegemea Mungu ni jambo moja, kumjaribu ni jambo lingine, ingawa mdomoni yote mawili husikika sawa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kwa mwendesha pikipiki aliyepata ajali, kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kama siku ya kila mtu ingefika bila kujali anachofanya, wenye kofia na wasio nayo wangekufa sawasawa. Hawafi sawasawa. Mungu anazijua siku zetu, naam, lakini mara nyingi hutulinda kwa vitu vya kawaida: breki, taa, kofia, na akili ya kupunguza mwendo kwenye kona.

Ipo sheria ndogo katika Kumbukumbu la Torati 22 ambayo sikumbuki kuisikia ikihubiriwa. Anayejenga nyumba ajenge na ukingo kuzunguka dari, asije akaanguka mtu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Zamani watu waliketi na hata kulala juu ya dari. Angalieni amri hiyo inamwangukia nani. Si yule anayetembea juu, bali mwenye nyumba.

Hapo ndipo nilipoacha kumlaumu kijana peke yake. Pikipiki ile si yake. Tajiri wake anadai hesabu ya shilingi 8,000 kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na baadhi ya matajiri hao tunapokea nao Meza ya Bwana. Pikipiki wamenunua, kofia ya abiria hawakununua. Nasi abiria? Tunapanda mishikaki, watatu na mtoto katikati, kwa kuokoa nauli. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia dereva "kimbiza, nachelewa", nikienda kanisani kwa zamu yangu ya uzee. Kama angeanguka siku ile, damu yake ingekuwa juu ya nyumba ya nani?

Juzi nilimpanda yule kijana. Nilimwambia mapema kwamba sina haraka, jambo ambalo lilimshangaza kuliko mahubiri. Nikamwomba kofia ya abiria. Akaitoa chini ya kiti kwa aibu, akisema watu huikataa kwa sababu inanuka. Kweli ilinuka jasho la watu wengi. Nikaivaa. Aliniangalia kidogo, kisha akachukua yake kutoka kwenye usukani akaivaa, ingawa mkanda wa kidevuni hakuufunga.