Amana Moja

Kipandauso hakibishi hodi. Huanza upande mmoja wa kichwa, kikapwita kwa mwendo wa moyo, mwanga ukawa adha, na tumbo likachafuka hata kabla mtu hajatia kitu mdomoni. Hapo hukumbuka kwamba Muumba hakuweka mipaka tunayoiweka sisi, kichwa huku na tumbo kule. Neva ndefu hutoka kwenye ubongo, ikapita shingoni na kifuani hadi tumboni, na habari hupanda na kushuka humo usiku na mchana bila sisi kuulizwa.

Na humo tumboni yumo mpangaji wa siku nyingi. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyejisokota, alikuwa na binadamu kabla hawajatawanyika kutoka Afrika. Karibu nusu ya watu duniani wamembeba, wengi bila kujua. Huizimua asidi inayomzunguka kwa kutengeneza amonia, kisha hujichimbia katika ute unaokinga ukuta wa tumbo. Kwa wachache, ukuta huo huliwa hadi ukafanya kidonda.

Miaka mingi mwenye vidonda vya tumbo aliambiwa: una mawazo mengi, punguza hasira, acha pilipili. Maumivu yake yakawa kosa la tabia yake. Kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walimwona kiumbe huyu kwa darubini, lakini walioamini kwamba ndiye mkosaji walikuwa wachache. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao; siku chache baadaye alianza kutapika, na vipimo vikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Tuzo ya Nobel ilikuja mwaka 2005. Nami huwawaza waliolaumiwa hadi wakaenda zao kaburini. Ni wepesi gani tulio nao wa kumhukumu mgonjwa, eti kwa kuwa hatuoni kinachomla!

Je, bakteria huyu ndiye aletaye pia kipandauso? Tafiti kadhaa zimemkuta zaidi kwa wenye maradhi hayo, nyingine hazikuona tofauti, na haijathibitika kwamba ndiye chanzo. Kukaa na swali bila kulilazimisha litoe jibu, hiyo nayo ni subira.

Lakini iko njia nyingine kutoka kichwani hadi kwenye kidonda, na hiyo haina shaka: mkono wetu wenyewe. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zikimezwa mara kwa mara huidhoofisha kinga ya tumbo, na kwa aliyembeba bakteria huyu hatari huongezeka. Tena dawa za maumivu zikitumiwa siku nyingi za mwezi, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Kiungo kimoja kinanyamazishwa, kingine kinalipa.

Si kwamba mtu avumilie tu. Hakuna thawabu katika kuugua kwa makusudi, na dawa ni rehema. Ila maumivu yaulizwe kabla ya kunyamazishwa: kupimwa choo au pumzi, na bakteria akionekana, kumeza antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, bila kuziacha nafuu inapokuja, kumsimulia daktari habari za kichwa na za tumbo kwa pamoja. Mwili ni amana, nasi tutaulizwa juu yake wote, si juu ya kile kiungo kilichopiga kelele tu.