Raheli Alikuwa Njiani



Jumapili iliyopita baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu alinisubiri chini ya mwembe hadi watu wakatawanyika. Ana watoto watatu, na mimba aliyo nayo ni ya nne. Kucha zake zilikuwa bado na udongo mkavu, maana ni mfinyanzi kama walivyo akina mama wengi wa Kikisi hapa mwambaoni, na vyungu vyake vilikuwa vinangoja kuchomwa ili vipelekwe sokoni Lyulilo. Alinionyesha kadi yake ya kliniki. Nesi wa zahanati ameandika kwa wino mwekundu kwamba safari hii asijifungulie hapa kijijini, kwa kuwa uzazi uliopita alitokwa na damu nyingi. Akaniuliza, "Mchungaji, niende au nibaki?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba aje Jumanne pamoja na mume wake na mama mkwe wake. Haya ninayoandika ni yale niliyoyawaza siku zile mbili.

Mnaosoma mkiwa mbali nasi, jueni kwamba Milima ya Livingstone inaporomoka moja kwa moja hadi ndani ya Ziwa Nyasa, na kwa vijiji kadhaa vya mwambao wa Ludewa barabara ni ziwa lenyewe. Ukitaka kwenda Matema, iliko hospitali ya kanisa letu la KKKT, unapanda boti. Boti nayo inamsikiliza mwera, ule upepo wa kutoka kusini ambao katikati ya mwaka huvuma hadi mawimbi yakapanda juu ya ukingo wa mtumbwi. Ndiyo maana wasafiri wetu huondoka alfajiri, ziwa likiwa bado limelala. Uchungu wa uzazi hausubiri alfajiri.

Zahanati yetu ina nesi mwaminifu. Ina sindano ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze ili damu isiendelee kumwagika, na ina taa ya sola. Haina chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea mgonjwa. Akina mama wengi wamejifungua pale salama, nami nimewabatiza watoto wao. Lakini mama ambaye uzazi uliopita damu ilikaribia kumwondoa anahitaji kuwa karibu na vitu ambavyo sisi hatuna, kwa sababu kutokwa na damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mtu ndani ya saa mbili. Saa mbili hazitoshi kumtafuta mwenye boti, kununua mafuta na kuvuka, hata ziwa likiwa shwari.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kulisema madhabahuni. Miaka iliyopita, nikiwa katika mtaa mwingine wa mwambao huu, niliamshwa usiku nikamwombee mama aliyekuwa na uchungu tangu jana yake. Nikaenda. Nikapiga magoti mkekani, tukaomba, tukaimba, tukaomba tena. Kila nilipofumbua macho nilimkuta bibi mkunga ananitazama, na sikuelewa ananitazamia nini. Alikuwa anangoja nimalize, ili wanaume wapate kunyanyuka wakatafute boti. Nani angenyanyuka mchungaji akiwa katika maombi? Tulipotoka nje mwera ulikuwa umeamka, na mwenye boti akakataa kuishusha majini hadi upepo utulie. Mama alipona. Mtoto alizaliwa kimya, na ni mimi niliyemzika. Tangu usiku ule naomba nikiwa natembea kwenda kwa mwenye boti.

Kwa hiyo wiki hii nilimrudia Raheli, katika Mwanzo sura ya 35. Yakobo na jamaa yake wametoka Betheli wanaelekea Efrathi, na umebaki umbali mdogo tu. Raheli anashikwa na uchungu njiani, na uchungu wake ni mzito. Mkunga yupo. Anamtia moyo, anamwambia asiogope kwa kuwa amepata mwana mwingine. Maneno ya mkunga yalikuwa ya kweli, kwani mtoto alikuwa wa kiume na alikuwa hai. Raheli akamwita Benoni roho ikiwa inamtoka, baba yake akambadilishia jina akamwita Benyamini, na mama akazikwa kando ya njia. Yakobo akasimamisha nguzo juu ya kaburi.

Nimesoma habari hii mazishini mara nyingi. Wiki hii nilirudi nyuma sura mbili, na pale nikakwama. Katika sura ya 33, Esau anamkaribisha Yakobo waongozane, na Yakobo anaomba radhi. Anasema ana watoto wadogo na wanyama wanaonyonyesha, na kwamba wakiswagwa kwa haraka siku moja tu, kundi lote litakufa. Anamwomba nduguye atangulie, yeye atafuata polepole, kwa mwendo ambao watoto na mifugo wanaumudu.

Basi huyu alikuwa mtu aliyejua kupanga safari kwa kuufuata mwili wa kondoo anayenyonyesha. Maandiko hayamlaumu kwa kifo cha Raheli, wala mimi simlaumu. Hatujaambiwa kama mimba ilimwahi au kama hapakuwa na mahali pa kutua. Ninachojua ni kwamba alimpenda Raheli kuliko wote, alimtumikia Labani miaka 14 kwa ajili yake, na mapenzi yale yote yalimkuta barabarani. Najiuliza juu yetu sisi waume wa mwambao. Tunajua siku ya kushusha nyavu, tunajua usipa wanapatikana mwezi ukiwa wapi, tunajua ng'ombe wa jirani atazaa lini na zizi lake linatandikwa mapema. Mke ana kadi yenye tarehe ya makisio imeandikwa na nesi, na wangapi kati yetu wanaijua tarehe hiyo?

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya kuchelewa kwa namna tatu kunakowaua akina mama: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Namna ya pili ni ya ziwa na milima, na ya tatu ni ya serikali na hospitali, ikiwemo ya kanisa letu. Ile ya kwanza inatokea sebuleni kwetu. Nesi wetu ananiambia mara nyingi anaitwa saa ambayo hakuna tena cha kuamua.

Siwasemi vibaya akina mama wanaobaki nyumbani, wala bibi zetu wakunga, ambao mikono yao ndiyo iliyotupokea wengi wetu. Kubaki kuna sababu. Nyumbani kuna uji wa moto na mtu wa kukukanda mgongo akikuita kwa jina. Ukiondoka wiki tatu kabla, nani atapika, nani atalinda mihogo, utalala wapi na utakula nini? Huduma ya uzazi tunaambiwa ni bure, lakini mama anatakiwa aende na mpira wa kutandika, glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu na kanga safi. Mama mmoja alinisimulia alivyofokewa mbele ya wenzake, akiwa katikati ya uchungu, kwa kuwa hakuwa na mpira. Uzazi uliofuata alijifungulia nyumbani. Ninyi mnaohudumu wodini na kuisoma tafakari hii, nawaomba kwa jina la Bwana: neno moja kali linarudi kijijini kabla ya mtoto, na linawazuia wengine kumi kuja.

Na yapo mambo ya kushukuru. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanaojifungulia kwenye vituo wamefikia asilimia 81, kutoka 63 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya akina mama vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni akina mama wengi sana waliorudi nyumbani wakiwa hai. Lakini wale ambao bado wanajifungulia nje ya vituo wengi wanaishi kama sisi, ng'ambo ya maji au mwisho wa njia. Siku hizi kuna namba 115, unapiga bure, na mfumo wa m-mama unamtafutia mjamzito usafiri wa dharura. Iandikeni ukutani kwa mkaa. Hata hivyo simu haitulizi mwera, na kwa mama kama huyu wa vyungu, dawa ni kuwa ameshavuka siku uchungu unapoanza. Ndiyo maana ya nyumba za mama ngojea zilizojengwa karibu na baadhi ya hospitali: mjamzito anahamia pale wiki chache kabla, anapika, anafua, anapiga soga na wenzake, na siku ikifika anatembea hatua chache tu hadi wodini.

Jumanne walikuja wote watatu. Mume alisema Mungu ndiye mzalishaji. Nikamwambia ndiyo, na ni Mungu huyohuyo aliyempa nesi wino mwekundu. Akanyamaza. Mama mkwe akasema yeye alizaa saba ndani ya nyumba ileile, bila boti ya mtu. Akaanza kuwahesabu kwa vidole, kila mmoja kwa jina lake, na alipofika wa tano akasimama, kidole kikiwa bado kimeshikwa. Huyo sikuwahi kumsikia. Hata mwanawe alimgeukia kana kwamba hakuwahi kumsikia. Bibi akakiachia kidole, akajifunga kanga vizuri, akamwambia mkwewe, "Nenda. Watoto nitabaki nao."

Mambo mengine yalikwisha haraka. Vyungu vitachomwa Alhamisi na mume atavipeleka Lyulilo mwenyewe. Fedha yake ni ya mpira, glovu na mahitaji madogo. Umoja wa Wanawake wamejitolea kanga mbili. Mzee mmoja wa usharika mwenye boti ametoa nafasi, mafuta tutachangia. Mama ataondoka Jumatano ijayo saa kumi alfajiri, bado akiwa na wiki tatu mkononi.

Kilichobaki ni chakula cha wiki hizo tatu. Jumapili hii mtakuta debe mlangoni mwa kanisa, upande wa kulia. Ni la unga wa mihogo. Pembeni yake kutakuwa na kikapu cha usipa wakavu.