Ana na Barabara



Fungueni Tobiti sura ya 10. Tobia amechelewa safarini, na mama yake, Ana, kila siku anatoka kutazama barabara. Chakula hakipiti. Mumewe akimtuliza, anamwambia aache kumdanganya. Na Biblia haimkemei, jamani!

Ana alikuwa mama, mimi ni mchumba tu, lakini namwelewa. Naishi Segera, njia panda ya Tanga na Moshi. Mwenzangu yuko Beni, Kongo, mlinzi wa amani wa JWTZ. Nafua, napika, sikio liko kwenye simu. Watu wananiambia, “Wewe amini tu, atarudi.” Wanasahau Semuliki, Desemba 7, 2017: askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Nao walikuwa na watu nyumbani, wanasali.

Basi mimi namwambia Mungu wazi kwamba naogopa. Halafu namwomba Rafaeli, aliyetembea na Tobia bila Ana kujua, awe naye huko. Kumi la mwisho la rozari ni la wajane wa Semuliki. Wewe unayemsubiri mtu, mtaje sasa hivi kwa jina lake la ubatizo. Salamu Maria…