Maleba na Kumbukumbu ya Mwisenge

Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934, inastahili kufikiriwa asubuhi hii na kila kijana anayetamani kazi ya maleba, yaani mavazi ya wahusika wa filamu na tamthilia, pamoja na vifaa ambavyo wahusika hao huvishika na kuvitumia. Filamu kuhusu wanafunzi wa miaka ile haitaaminika ikiwa shati limetoka dukani jana. Ndiyo maana fundi hulifua mara nyingi, huikwaruza kola kwa msasa, huliloweka katika chai ya rangi ili weupe ufifie, kisha hulipiga picha hadi vifungo vyake, kwa kuwa tukio moja huweza kurekodiwa kwa siku kadhaa na vazi halipaswi kubadilika. Ruth E. Carter, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Oscar mwaka 2019 kwa mavazi ya filamu ya Black Panther, alichota mitindo kutoka jamii za Afrika, wakiwemo Wamaasai. Uchunguzi wa namna hiyo, ambao ni nusu ya kazi yenyewe, unaweza kuanzia Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, Butiama. Vijana wa Mkoa wa Mara na waende huko na daftari, wachore wanachokiona, na wawaulize wazee kilivaliwaje.