Muhuri ni Amana

Wanangu mliokabidhiwa mihuri ya vibali, nisikilizeni. Nimechoka kusema, lakini sijakata tamaa nanyi.

Mbegu ya mkoko mara nyingi huota ingali mtini. Ikishadondoka ina siku zake. Haiwekwi ghalani kama mahindi. Anayetaka kuipanda huchagua msimu, huangalia bamvua na maji mafu, kisha huita watu. Barua yake ya kuomba kibali ikilala mezani penu hadi msimu upite, mbegu huoza, watu hutawanyika, na mawimbi huzidi kuila pwani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa huumiza hata kamba na kaa wanaokulia kwenye mizizi ile.

Sisemi mfungue kila mlango. Mwaka 2019, leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na baraza la kesi za mazingira, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Anayekuja kuchimba, kufukia au kukata, mhojini bila kuchoka. Lakini anayekuja kurudisha kilichokatwa, kwa nini apangwe foleni moja na huyo?

Naye aulizwe, maana kupanda si kuponya. Miche mingi imekufa kwa kupandwa pasipo pake. Muulizeni maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Je, anajua kuwa kati ya aina za mikoko, mlilana hukaa mbele baharini na mkandaa hukaa nyuma? Wanakijiji wameridhia? Nani atailinda miche akishaondoka? Maswali hayo hujibiwa papo hapo ufukweni, maji yakiwa yametoka, nanyi mmesimama naye topeni. Hayahitaji ofisi nne kuuliza jambo lile lile. Wekeni siku ya mwisho ya kujibu. Mkikataa, tajeni sababu. Mkikubali, rudini kukagua.

Tazameni Gazi, kule Kwale. Msitu ni wa serikali, lakini wanakijiji walipewa kwa makubaliano haki ya kuutunza. Kwa mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanalinda hekta 117, wanauza hati za kaboni, na pesa zake zimewapa maji na vitabu vya shule. Hayo ndiyo matunda ya idhini iliyotolewa kwa utaratibu unaoeleweka.

Wanangu, muhuri ni amana. Kuruhusu uharibifu ni dhambi mnayoijua. Kulizuia jema bila sababu nako ni kuharibu, na mtaulizwa.