Nipe Mji

Kila aliyesoma shule ya msingi Kenya anaijua sheria hii, hata kama hajawahi kuiita sheria. Mtu anasema "Kitendawili!", mnajibu "Tega!", anatega. Mkishindwa anadai mji. Mnampa Mombasa, au Kisumu, au kijiji cha nyanya yenu, anajifanya amekwenda huko akakirimiwa, kisha anatoa jibu. Hawezi kuchukua mji halafu akabaki na jibu. Tena hawezi kulitoa kabla hamjasalimu amri, maana atakuwa amewaharibia mchezo.

Swali ninalolizungusha kichwani ni hili: jibu la fumbo ni la nani? La aliyelitega, au la anayelihangaikia?

Rafiki yangu mmoja alienda intavyu ya kazi mwaka jana. Baada ya yale maswali ya kawaida, mmoja wa waliokaa ng'ambo ya meza akamwambia: una kamba mbili. Kila moja huungua kwa saa moja kamili, lakini si kwa kasi sawa. Nusu ya kwanza inaweza kuisha kwa dakika 10 na iliyobaki ikachukua 50. Huna saa wala simu, una kiberiti tu. Pima dakika 45.

Alifikiria hadi jasho likamtoka. Mwishowe akasema kwa heshima, "Hili limenishinda. Naomba mnieleze." Jamaa akatabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi. "Tutakupigia." Hawakupiga, bila shaka.

Kukosa kazi Nairobi si jambo la kuandikia insha. Kilichoniudhi ni kwamba alitoa mji na hakupewa jibu. Kukiri kwamba umeshindwa, mbele ya watu walioshika riziki yako, si bei ndogo.

Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba maswali ya aina hii kwenye intavyu, kama vile mipira mingapi ya gofu inaweza kuenea ndani ya ndege, ni kupoteza wakati. Hayatabiri chochote kuhusu anayehojiwa. Kazi yake kubwa, alisema, ni kumfanya anayehoji ajione mwerevu. Habari hiyo haijafika ofisi zetu zote, naona.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili, nao ndio unaonisumbua. Usiku huo rafiki yangu alikata vipande viwili vya kamba ya katani, akakaa sakafuni kwenye bedsita yake na kiberiti. Jirani aligonga mlango kuuliza kama kuna moto. Saa nane usiku nikapata ujumbe wa herufi kubwa: NIMEIPATA. (Jibu siliandiki hapa, bado hujaniomba. Nitasema tu kwamba kamba ina ncha mbili.) Baadaye aliniambia kwamba lau angeelezwa pale mezani, angesahau kabla lifti haijafika chini.

Basi yule jamaa alimfanyia wema? Nakataa. Furaha ile rafiki yangu aliipata mwenyewe, kwa moshi wake. Anayenyamaza akiwa tayari kukuambia pindi utakapoomba, anakuachia nafasi. Anayenyamaza hata baada ya kuombwa, amekunyima. Kwa mtazamaji, ukimya ni ule ule, ndiyo maana mwenye cheo hujificha ndani yake kwa urahisi. Halafu kuna yule wa kikundi cha WhatsApp: fumbo halijamaliza dakika mbili, ameshabandika jibu. Huyo naye ameamua kwa niaba yenu nyote kwamba mmechoka.

Mimi nasema mwenye haki ya kusema basi ni anayehangaika. Ila mpwa wangu wa miaka 9 ananitia mashaka. Nimemtegea lile la mtu anayevusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi unaobeba kimoja tu kwa safari. Akigeuka tu, chui atamla mbuzi, au mbuzi atakula majani. Leo ni siku ya nne. Dada yangu analalamika: "Si umwambie tu? Unamtesa mtoto." Labda. Kuna watu ambao kiburi hakiwaruhusu kutaja mji, na kwa hao sheria yangu haina dawa. Nimemwambia akichoka ataje mji wowote, hata Nairobi hii hii, nami nitamweleza papo hapo.

Jana jioni alinipigia. "Anko," akasema, nami nikaanza kujiandaa kueleza. Alitaka tu kujua kama chui anajua kuogelea.